Mfunikeni, Asipigwe na Baridi

"Wewe ni bata," Kijiko aliniambia, na wala hakuwa anatania.

Tulikuwa tumesimama kwenye korido ya hospitali, nje ya wodi ya wanawake, mahali ambapo rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka usawa wa mabega kwa sababu ya watu walioegemea hapo mwaka hadi mwaka wakisubiri kuitwa. Saa ya kuona wagonjwa ilikaribia. Dada yangu huyo, mwanafunzi wa darasa la pili, soksi moja juu na nyingine chini, alikuwa anagawa kazi kama kocha anayepanga kikosi cha fainali. Baba alipewa tabibu wa mfalme, walinzi wote wa jumba na mpishi mkuu. Yeye mwenyewe alijitwalia mfua nguo. Mimi, mtu mzima niliyemaliza kidato cha nne na kuota ndevu, chache lakini zangu, nikapewa bata.

"Bata analia mara mbili," akanikumbusha. "Ukizidisha unaharibu."

"Nilikuwa bata wewe ukiwa bado hujaota meno," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakukumbusha. Umezeeka."

Jibu kama hilo, siku nyingine yoyote, lingemfanya Baba acheke mpaka ashike ukuta. Siku ile aliushika ukuta bila kucheka.

Habari ya bata inataka maelezo, la sivyo mtadhani ukoo wetu wote ulipaswa kulazwa.

Siku za kazi Baba alikuwa fundi redio. Jumamosi mchana alikuwa Mdomo. Nyuma ya soko kulikuwa na ghala la zamani la magunia lililogeuzwa ukumbi: mabenchi, shuka jeupe lililotundikwa ukutani, projekta iliyounguruma kama paka aliyeshiba, na maiki iliyozungushiwa utepe mweusi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka rangi yake halisi. Filamu zilikuja katika lugha ambazo hakuna mtu aliyezijua, Mdomo akiwa wa kwanza kutozijua. Kazi yake ilikuwa kupunguza sauti ya wenyewe na kuingiza yake. Alikuwa mfalme, akawa kikongwe, akawa mlango unaolia bawaba, akawa farasi mwenye mafua, yote haya kabla hujameza mate. Watu walipomuuliza lugha ile alijifunzia wapi, alijibu, "Mtu akifungua mdomo, macho yake yameshasema zamani. Mimi nasoma macho."

Filamu za ngumi aliwaachia wafasiri wengine. Yeye alitaka zile za kale, za kifalme, ambazo watu huacha shughuli zao katikati na kuanza kuimba. Na katika hizo, moja ilikuwa malkia wa nyingine zote: ile ya binti mfua nguo.

Mwana wa mfalme hapati usingizi. Tabibu wa jumba amemnywesha kila kitu isipokuwa wino. Kule mtoni kuna binti anayefua mashuka ya jumba, na anapofua anaimba, na mapovu ya sabuni yanapaa na wimbo wake mpaka dirishani kwa mgonjwa, na mgonjwa analala. Hapo ndipo balaa linapoanza. Kijana ameipenda sauti, lakini hawezi kumwona mwenye sauti, maana binti akianza kuimba tu, yeye anakoroma.

"Hamna jipya hapo," Mama alikuwa akisema kila mara, kwa sauti ya kusikika mpaka mbele. "Hata mimi nikianza kuongea, Mdomo anakoroma."

Ukumbi mzima ulicheka, na Baba alijibu kwa maiki, kwa sauti ya mwana wa mfalme, "Ni kwa sababu ya utamu wa sauti yako, ewe binti," na Mama akajifanya anamtupia kiatu.

Na bata? Bata ndiye rafiki wa mfua nguo. Anambebea sabuni mdomoni na kila baada ya ubeti analia mara mbili. Sauti zote Baba aliziweza, ila bata alimshinda. Alipojaribu ilitoka kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikaitwa mimi nyuma ya spika. Wenzangu walimaliza shule wakawa makarani na madereva. Mimi nikawa bata, tena bata hodari.

Nilizicheka sana filamu zile. Nilimuuliza Mama, "Huyu yuko mtoni peke yake, hivi vinanda vinapigwa na nani? Vyura?" Nikasema mtu akiimba sokoni namna ile, sisi wengine tungeshika mifuko yetu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Umemaliza? Haya, tazama pembeni yako." Nikatazama. Alikuwepo mchukuzi wa mizigo, mabega kama kabati, anatikisa kichwa taratibu. Alikuwepo bibi muuza vitunguu aliyemgombeza kila mtu siku sita za wiki, na sasa amemshika mkono mkwewe ambaye walikuwa hawasemezani. Watoto midomo wazi, nyuso zao zikibadilika rangi kila shuka lilipobadilika. Rangi zile! Waridi ya gauni, buluu ya mto, dhahabu ya ngazi zinazoshuka na kushuka kana kwamba jumba halina sakafu. Halafu Baba akanyanyua sauti ya vinanda na kuimba juu yake maneno aliyoyatunga mwenyewe:

*Lala, maji yamelala,*
*povu lashika ukingo;*
*alolala huamka,*
*asubuhi ni mlango.*

Ukumbi mzima uliimba naye. Nami nikalia mara mbili, kwaa, kwaa, na watoto wakapiga kelele za furaha kana kwamba bata ndiye aliyeleta neema yote ile. Huo ndio ukweli kuhusu filamu za aina hiyo: unaweza kuzicheka ukiwa nje. Ukishaingia, zinakushika ukosi.

Lakini katikati ya filamu mama yake mfua nguo anakufa. Amelala kitandani, binti anapiga magoti na kuimba, mishumaa inazimwa, na mwanamke mmoja anavuta shuka na kumfunika yule mama mpaka usoni. Hapakuhitaji mfasiri. Mara ya kwanza tulipoionyesha, Kijiko alikuwa bado wa kupakatwa. Akaangua kilio mapajani mwa Mama, na kilio cha mtoto ni moto wa nyasi kavu: benchi la nyuma likashika, la katikati likashika, mwisho hata mchukuzi akawa anatafuta leso.

Mama akasimama. "We Mdomo! Muamshe huyo mama wa watu!"

"Amekufa, Mama Kijiko," Baba akasema kwenye maiki, ukumbi wote ukimsikia. "Si unaona anafunikwa?"

"Nani kakwambia kafa? Lugha yao unaijua?"

Kwenye shuka yule mwanamke alikuwa bado anavuta lile shuka lingine, taratibu. Baba akakuna kichwa. Kisha, kwa sauti nzito ya tabibu, akasema, "Mfunikeni. Mfunikeni vizuri, asipigwe na baridi. Amelala tu. Akiimbiwa ataamka."

Kilio kikakatika kama kimekatwa na mkasi. Mwishoni, kwenye harusi, kamera ilipopita juu ya umati, Baba akamdaka kwa macho mwanamke mmoja mwenye kilemba cha buluu, aliyeonekana kwa muda wa kupiga chafya, akapiga ukelele, "Yule pale! Mama yake! Kaamka!" Watu walipiga makofi mpaka vumbi la magunia likaanguka kutoka darini. Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Watoto wa mtaa mzima walikua wakijua kwamba mama yule alilala, akafunikwa asipigwe na baridi, akaimbiwa, akaamka. Mimi nilijua alikufa. Na kila Jumamosi nilipiga makofi.

*

Mama alikuwa na meza ya nyuzi, vifungo na zipu mbele ya duka la vitambaa. Siku moja alikuwa anampimia mteja mpira wa kiunoni. Mteja anasema Mama alivuta mpira, akauanza utani, "Huu ukikatika njiani usi—" na maneno yakaishia hapo. Alianguka na mpira mkononi. Nimeutafuta mwisho wa utani ule mara nyingi. Nina kipaji cha mambo hayo. Sijaupata.

Daktari alitwambia mshipa umepasuka kichwani. "Tunasubiri," akasema. Neno hilo lilikuwa na foleni yake. Ukimuuliza daktari, anasubiri. Ukimuuliza nesi, anamsubiri daktari. Sisi tulimsubiri nesi. Na Mama, aliyekuwa hajawahi kumsubiri mtu maishani, amelala chali, midomo imepauka, dripu ikidondoka kwa mwendo wake yenyewe, na kidoleni amebanwa kidude chenye taa nyekundu.

Nilifanya kazi ninayoiweza. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamtania. Nikamwambia amekwepa zamu yake ya vyombo. Nikamwambia Baba ameunguza maji ya chai, kitu ambacho wataalamu walidhani hakiwezekani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Jirani yetu wa karibu, mama mmoja aliyefungwa plasta mguu mzima, aliniomba ninyamaze maana kucheka kulikuwa kunamuumiza mfupa. Uso wa Mama ulibaki vilevile. Nikiondoka pale nilijihisi kama mtu aliyekuwa anagonga mlango wa nyumba isiyo na watu, tena kwa mbwembwe.

Kijiko hatukumpeleka. Tulimwambia Mama anaumwa, amelala hospitalini. Jioni moja tukiwa mezani, akaweka kijiko chini.

"Amekufa au amelala?"

"Amelala," Baba akasema upesi.

"Anaamka saa ngapi?"

"Hatujui, mwanangu."

"Mmemwimbia?"

Baba alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta sauti, kama anavyotafuta stesheni kwenye redio mbovu, kushoto, kulia, mvumo tu. Akanitazama mimi. Nami niliye na jibu la kila kitu, niliyemjibu mwalimu mkuu mbele ya shule nzima, nikatazama mchuzi wangu. Ningemwambia nini? Kwamba yale mambo ni ya uongo? Nani alimwambia ni ya kweli? Sisi. Na nani aliyetuamuru? Yule aliyelala.

"Basi mnasubiri nini?" Kijiko akauliza.

*

Ndivyo tulivyojikuta koridoni, kikosi kamili. Kengele ikalia, mlango ukafunguliwa.

"Heee, leo mmekuja na jeshi," akasema mama wa plasta. Kisha akamwona Kijiko alivyosimama, akajiinua kwa kiwiko.

Kijiko alikuwa hajamwona Mama tangu siku ile ya mpira. Nilijiandaa kumdaka akilia. Hakulia. Alimkagua kuanzia nywele hadi miguu, akamlaza mkono vizuri, akatutazama. "Mishumaa hatuna," akasema, "lakini si kitu." Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaanza.

*Lala, maji yamelala...*

Sauti yake ilikuwa nyembamba, na alianza juu mno, ikabidi ashuke katikati ya mstari. Baba akaingia kwa sauti ya walinzi. Mungu wangu, walinzi gani wale! Wale wa Jumamosi walitikisa mabati. Hawa walikuwa wanaomba ruhusa. Mpishi mkuu alitoka kwa kukwaruza. Nikadhani tungefia pale pale kwa aibu, na ghafla, kutoka kitanda cha pembeni, mama wa plasta akauchukua mstari wa pili. "Wajukuu zangu hawaniachi na huu wimbo," akasema katikati, akaendelea kuimba. Mwingine dirishani akaingia. Aliyekuwa ameugeukia ukuta akageuka. Nesi alitokea mlangoni na sinia la dawa, akasimama. Sauti za wagonjwa hazina nguvu, lakini zikiwa nyingi zinajaza chumba kwa namna yake, kama maji yanavyopanda bila kelele.

*Alolala huamka...*

Kijiko akanitupia jicho. Nikalia. Kwaa. Ya pili ikatoka kama kwikwi, na mtu mmoja akacheka kidogo, kicheko kizuri.

Na hapo, mimi niliyeijua filamu ile nyuma na mbele, mimi niliyeuliza habari za vyura, nikayainamia macho ya Mama nikayatazama. Sikuyatazama kwa ajili ya Kijiko. Niliyatazama kwa ajili yangu. Wodi nzima iliyatazama. Kope zilikuwa pale, nyeusi, zimetulia. Dripu ikadondoka. Ikadondoka tena.

Wimbo ukaisha kwa kukosa wa kuuendeleza.

"Sasa," Kijiko akasema. Akasimama, akakung'uta magoti. Akashika pindo la shuka kwa mikono miwili, na kwa sauti nzito, sauti ya Baba mwenyewe, ya tabibu wa mfalme, akatangaza, "Mfunikeni. Mfunikeni vizuri, asipigwe na baridi."

Akavuta. Shuka likapita shingo, likapita kidevu, likapita midomo. Alivuta kwa adabu, kama alivyomwona yule mwanamke akivuta kila Jumamosi ya maisha yake.

"Weee! Mtoto!" mama wa plasta akapiga ukelele. "Mtoeni huyo! Jamani, mtoeni!"

Sinia la nesi likagonga ukuta. Mimi nilikuwa hatua moja tu kutoka kitandani, na sikusogea. Baba alimrukia akamshika mkono, shuka likiwa limefika puani. Aliushika kwa nguvu mpaka Kijiko akageuka kumtazama kwa mshangao.

"Bado," Baba akasema.

Haikuwa ya tabibu wala ya mlinzi. Ilikuwa sauti tupu, isiyo na mtu ndani.

"Bado, mwanangu. Bado."

Akalishusha shuka mpaka kifuani, akalinyoosha, akalinyoosha tena mahali palepale. Kijiko aliutazama mkono ule unavyonyoosha. Nesi akasema muda umekwisha, ingawa haukuwa umekwisha, na hakuna aliyebishana naye.

*

Simu ya hospitali ilikuja asubuhi ya siku ya kazi. Baba aliipokea akiwa ameshika bisibisi, akaniambia kwa kunitazama tu. Kisha akaniambia nikamchukue Kijiko shuleni, nisimwambie neno; atamwambia mwenyewe.

Njiani nilitunga utani wa kurudi nao. Nilikuwa nao mwingi na mzuri. Kijiko akatoka darasani na mkoba wake, tukapita getini, tukashika barabara ya mafundi seremala, harufu ya mbao mbichi kila mahali.

"Walimu wamekuruhusu mapema," nikaanza, "wanasema umewamalizia maswali, wanakwenda kutafuta mengine."

Akatembea. Akaruka dimbwi.

"Kaka, ile 'bado' ya Baba imekwisha?"

Randa ilikuwa inalia mahali fulani, ikasimama, ikaanza tena. Nilikuwa nimeahidi. Nilitafuta kitu cha kusema, chochote, hata cha kijinga. Nilipapasa mifuko yote ya kichwa changu.

"Imekwisha," nikasema.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akainama akavuta soksi. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko soksi inavyohitaji, nami nikasimama juu yake nikimkinga na jua, maana hilo angalau niliweza. Aliponyanyuka uso ulikuwa umelowa lakini sauti ilikuwa kavu.

"Baba anajua kwamba umeniambia?"

"Hapana. Anataka kukwambia mwenyewe."

"Basi usimwambie kama najua."

"Kwa nini?"

Akanitazama kwa ile huruma ambayo watoto huwawekea watu wazima wasioelewa upesi.

"Atakuwa ameshatunga," akasema.

Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa amenawa uso na kufunga vifungo vya shati kombo, kifungo kimoja kikibaki juu bila tundu. Akampakata Kijiko. Akasafisha koo, mara moja, mara ya pili, na akaanza, kwa sauti ya chini, ile ya Jumamosi, ya wanawali na wafalme, kwamba Mama yake alikuwa amechoka sana, na kwamba usiku uliopita dirisha la wodi lilifunguliwa, na kwamba kuna mji ambako...

Kijiko alimsikiliza macho yamemtoka, mdomo nusu wazi, kama asiyejua kinachokuja. Sijawahi kuona mtu akisikiliza vizuri namna ile. Baba alipofika mahali akakwama, midomo ikicheza bila sauti, yeye akamwekea mkono kifuani, juu ya kile kifungo kilichokosa tundu, akasubiri.

Nje majirani walikuwa wameanza kuleta viti. Hakuna aliyeniambia nivipange wapi. Nikavipokea kimoja kimoja mlangoni, nikaviegemeza ukutani, nikapokea vingine. Na ndani nikamsikia dada yangu, taratibu, kama mtu anayemshika mzee mkono kwenye ngazi:

"Ehe, Baba. Halafu?"